Mpiga Picha na Magoti ya Mbwa Wake

Mume wa dada yangu alikuwa mpiga picha za pasipoti, na sijawahi kuona kazi ndogo kama hiyo ikifanywa kwa majivuno makubwa kiasi kile. Watu walimwita Flashi. Alikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara, stuli ya chuma, kitambaa cheupe ukutani, kingine cha buluu kimekunjwa chini ya meza, na taa mbili zilizofunikwa miavuli. Mteja akiingia hasalimiwi kwanza. Anapimwa uso. "Kidevu juu. Masikio yaonekane. Usicheke, serikali haitaki mtu anayecheka." Kisha Flashi anabonyeza, na yule maskini anatoka na picha zinazomwonyesha kama mtu aliyekamatwa.

Mimi nilihamia kwao nilipostaafu kufua mashuka ya hospitali. Dada alinipa chumba cha uani, nyuma ya studio, ukuta mmoja tu kati ya kitanda changu na sauti ya shemeji. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuhadithiwa na jirani.

Simu zilipoanza kupiga picha, na ofisi nazo zikaanza kuwapiga watu picha zenyewe, wateja walipungua. Mwanamume mwingine angetafuta kazi nyingine. Shemeji yangu alitafuta wasikilizaji. Aliyeingia kutoa nakala ya cheti au kununua fremu aliondoka amefundishwa namna ya kunywa maji, upande wa kulalia, na sababu za watu wa zamani kutougua, kana kwamba watu wa zamani wapo hai waje kutoa ushahidi. Dada yangu alifundisha chekechea maisha yake yote, kelele alishazizoea, akawa anamwacha aseme. Aliyemsikiliza kwa moyo wote alikuwa mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Meneja. Jina alilipata enzi za neema, maana alikuwa akilala katikati ya mlango wa studio na kila aliyetaka kuingia ilibidi asubiri kibali chake. Alikuwa mkubwa, rangi ya kahawia, kifua kipana, sikio moja limesimama na lingine limekata tamaa. Alikuwa na adabu kuliko wengi waliopita mlangoni pale. Nasema mapema ili isije ikadhaniwa kwamba dharau yangu inamhusu na yeye. Mbwa hakuwa na kosa.

Uzee ulimwingia Meneja kwa nyuma. Asubuhi aliinuka kama mzee anayetoka kwenye kochi la chini: mbele kwanza, kisha anatafakari, kisha anavuta nyonga zake kana kwamba ni mzigo wa mtu mwingine. Ngazi ya studio ilikuwa moja tu, fupi, lakini alisimama mbele yake akiitazama. Akawa analamba goti la nyuma mpaka manyoya yakaondoka. Dada ndiye aliyesema apelekwe kwa daktari wa mifugo.

"Ataniambia nini ambacho sijakisoma?" Flashi akauliza, simu mkononi.

"Mimi sijui umesoma nini," dada akamjibu. "Najua mbwa anaumwa."

Tukaenda sote. Daktari alikuwa mwanamke mwenye mikono mipana na sauti ya chini, ofisi yake ina harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Akamkanda Meneja nyonga na magoti taratibu, akampandisha kwenye mizani iliyokuwa sakafuni, akampiga picha ya eksirei. Ile picha akaibandika kwenye ubao wenye taa, akatuonyesha kwa kalamu mahali ambapo gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, lilikuwa limelika na mfupa umeanza kuota vinundu.

Flashi akasogea, akakunja macho, akainamisha kichwa upande mmoja kisha mwingine. Sisi tukadhani ameguswa.

"Mwanga haukupangwa vizuri," akasema.

Daktari alimtazama kidogo, halafu akaendelea. "Mzee, hii ni baridi yabisi. Haiponi, ila inatulizwa. Dawa ya kwanza ni kumpunguza uzito, maana kila kilo anayoibeba inakaa hapa." Akagusa nyonga. "Mnene huyu."

"Si mnene. Ana mfupa mkubwa."

"Mfupa nimeuona, uko pale ukutani. Kilichobaki ni unene." Alisema bila kucheka. "Mpunguzie chakula. Mtembeze kidogo kidogo kila siku, mahali palipo na majani, asishinde amelala. Nitawapa dawa ya maumivu ya mbwa, siku akizidiwa. Msimpe ya watu hata kidogo, inamtoboa tumbo."

"Na virutubisho?" shemeji akauliza. Hapo ndipo uso wake ulipopata uhai.

"Mafuta ya samaki yanaweza kumsaidia, kwa kipimo nitakachowaandikia, na msizidishe. Hivyo vingine vya maganda ya kaa na kome, wapo wanaosema wameona nafuu, lakini ushahidi wake ni mwembamba. Ukitaka kujaribu, jaribu kimoja, umrudishe nimwone. Visichukue nafasi ya kumpunguza uzito."

Maneno yote hayo yaliingia masikioni mwa mtu aliyekwisha kuamua anachotaka kusikia. Tulipofika barabarani alishika neno moja tu, na alilishika kama mtoto aliyepewa pipi: virutubisho. Hata daktari amekubali, akasema. Chakula, uzito, majani, vyote vilibaki kule kwenye mizani.

Basi makopo yakaanza kuingia nyumbani. Rafu ya juu iliyokuwa na albamu za maarusi, kazi pekee nzuri aliyowahi kufanya, ikaondolewa albamu. Pakapangwa unga wa maganda ya kaa, unga wa kome, vidonge vya mafuta ya samaki, manjano, unga wa mwani, na biskuti za kutafuna zenye picha ya mbwa anayeruka ua. Daktari alisema kimoja. Shemeji yangu akaona kimoja ni cha watu wasio na upendo.

Meneja, kwa kuwa alikuwa na akili, alikataa. Aliunusa ule mchanganyiko, akamtazama bwana wake, akageuza uso. Ndipo Flashi akaanza kuuficha ndani ya nyama ya kusaga yenye mafuta, na nyama haikutosha kuficha ladha ya mwani, ikaongezwa siagi ya karanga. Mbwa aliyeambiwa apungue akawa anakula mara mbili ili ameze dawa ya kumsaidia asilemewe na uzito. Kutembezwa nako kukaahirishwa. "Tumpe muda virutubisho vifanye kazi," akasema. "Asiviharibu kwa kutembea."

Siku moja nilimkuta dada amepanda juu ya ile stuli ya wateja kuteremsha kopo, mkono mmoja kwenye rafu na mwingine ameshika goti lake mwenyewe. Magoti yalikuwa yakimsumbua tangu aache kufundisha. Aliposhuka alitoa sauti ndogo puani. Mumewe alikuwa hatua chache kutoka pale, amepiga magoti yeye mzima wa afya, anamuuliza mbwa, "Leo unajisikiaje, Meneja?"

Dada akaniona ninavyotazama. "Acha," akaniambia kwa upole. "Ana kitu cha kufanya."

Kweli alikuwa nacho. Tena alianza kuhubiri. Mtu aliyekuja kutoa nakala ya cheti cha ndoa aliondoka anajua gegedu ni nini. Alisema "viungo" kwa sauti ile ambayo wengine huiweka kwa ajili ya sala. Mbwa mwenyewe alikuwa amelala nyuma yake mithili ya gunia, hawezi kuinuka, na hakuna hata mteja mmoja aliyekuwa na ujasiri wa kuuliza.

Penye mahubiri hapakosi mkusanya sadaka. Akatokea mwanamume mmoja mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, anavuta begi la magurudumu, anajiita Mshauri. Sikujua anamshauri nani. Kila mtu kwake alikuwa "familia". Aliingia studio akamsikiliza Flashi tangu mwanzo mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulifanya, na hapo shemeji yangu alikuwa amekwisha kunaswa.

"Wewe una elimu," Mshauri akamwambia. "Lakini zaidi ya hapo una jicho. Bidhaa zetu zinafanya kazi, tatizo hatuna picha. Watu wanaamini picha."

Akampa uwakala na furushi la vifuko vya unga wa kijivu visivyo na maandishi ila neno moja, Rukatena. Mchanganyiko maalumu, alisema, mimea tupu.

Picha nilizishuhudia zikipigwa. Mlango wa uani ulikuwa wazi na mimi nilikuwa naanika nguo. Kwanza shemeji alizima taa moja, akamwacha Meneja alale kwenye saruji, akampiga kutokea juu ili mgongo uonekane umevunjika. Hiyo ikawa "kabla". Kisha akamwita dada ashike mwavuli wa taa, akaweka kitambaa cha buluu nyuma, akachukua kipande cha ini akakishikilia juu ya kamera. Meneja alijikusanya akasimama, shingo juu, ulimi nje, macho yanang'aa kwa ulafi. Hiyo ikawa "baada". Kati ya kabla na baada nilikuwa sijamaliza hata kuanika mashuka.

"Hajala huo unga bado," nikamwambia.

"Shemeji, hii ni kielelezo," akanijibu. "Inaonyesha hali itakavyokuwa."

Akazibandika kwenye kioo cha dirisha, mahali palipokuwa na picha za maarusi.

Sasa niseme ukweli, kwa sababu hata mtu unayemdharau anastahili ukweli. Alipoanza kumpa Meneja ule unga, mbwa alipata nafuu. Si nafuu ya kubahatisha. Aliinuka bila kutafakari, akaruka ile ngazi, akamfukuza paka wa jirani mpaka kwenye kona. Dada alisimama mlangoni na ufagio akacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo kitambo. Hata mimi nilinyamaza. Flashi alivimba kichwa hadi nikashangaa anavyopita mlangoni. Alinipita uani akisema, kwa unyenyekevu wa uongo unaokera kuliko majivuno, "Mimi sisemi kitu. Mbwa ndiye anayesema."

Watu wenye mbwa wazee wakaja. Mlinzi wa bohari alikuja, na mwenye duka la rangi, na mwisho akaja Mama Mapazia. Huyu alikuwa rafiki yangu. Alishona mapazia kwenye chumba cha mtaa wa pili, mjane, watoto wake wako mbali, na alikuwa na kijibwa cheupe kizee kiitwacho Pamba ambacho kilishinda chini ya cherehani, juu ya mabaki ya vitambaa. Pamba naye alikuwa anachechemea.

"Kuna nini ndani yake?" Mama Mapazia akauliza, anakigeuzageuza kifuko.

"Mimea," Flashi akajibu.

"Mimea gani?"

"Mimea ya asili."

Sijui mimea mingine hutoka wapi. Lakini yeye alimtazama Meneja aliyekuwa anatikisa mkia mlangoni, akavichukua vifuko. Flashi akamweka Pamba juu ya stuli, akampiga picha ya kabla bure, akamwambia amrudishe baada ya muda kwa ile ya pili. Alirudi kweli. Pamba alikuwa anatembea vizuri. Picha yake nayo ikaenda dirishani, kando ya ya Meneja, na Mshauri alipokuja kuiona alimkumbatia shemeji yangu kama ndugu waliopoteana.

Kisha Meneja akaacha kula.

Mwanzoni aliacha ini tu, akanywa maji. Halafu akatapika. Dada ndiye aliyekuwa anafagia uani, na ndiye aliyeona kinyesi chake kimekuwa cheusi, kinateleza kama lami. Alimwita mumewe aje aone. Flashi akasimama, mikono nyuma, akakitazama kile kinyesi kama mkaguzi.

"Anatoa sumu," akasema. "Mshauri alinieleza. Mwili hujisafisha kwanza. Ni dalili nzuri."

"Dalili nzuri ni nyeusi?" dada akauliza.

"Tumwongezee kipimo ili imalizike haraka."

Na akamwongezea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesikilizwa kwa mara ya kwanza maishani mwake, na hakuwa tayari kurudi kule alikotoka kwa ajili ya tumbo la mbwa. Sijui kama hilo linapunguza kosa. Kwangu halipunguzi.

Asubuhi iliyofuata Meneja hakuinuka kabisa. Dada hakujadiliana na mtu. Aliazima mkokoteni kwa mwenye duka la rangi, mimi naye tukampakia Meneja, tukaanza kuusukuma, naye dada kila penye mteremko anauma meno kwa sababu ya magoti. Flashi alitufuata nyuma akieleza kwamba tunafanya haraka.

Daktari alimfunua Meneja mdomo, akabonyeza ufizi. Ulikuwa mweupe kama karatasi. "Amekula nini?"

Flashi akaanza kutaja. Akataja maganda ya kaa, kome, mwani, manjano, mafuta ya samaki, biskuti. Alitaja kila kopo lililokuwa kwenye rafu, kwa mpangilio, kwa ufasaha wa mwanafunzi bora. Unga wa kijivu hakuutaja.

Dada akafungua mkoba wake, akatoa kifuko cha unga wa kijivu, akakiweka juu ya meza. Hakumtazama mumewe.

Daktari akakinusa, akasugua unga kidogo kati ya vidole. "Alipata nafuu ya ghafla alipoanza hiki?"

"Aliruka kama mtoto," dada akasema.

"Ndiyo. Sijakipima, kwa hiyo siapi. Lakini mimea haifanyi hivyo kwa siku chache. Nadhani humu kuna dawa ya maumivu ya watu imesagwa na kuchanganywa. Inaua maumivu, mbwa anakimbia, na ndani tumbo linachubuka. Huyu anavuja damu." Alikuwa tayari anatafuta mshipa wa kumtundikia maji. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza, "Nani mwingine anakitumia?"

Nikasubiri. Shemeji yangu alikuwa anaitazama miguu yake.

"Nadhani ni vizuri tusubiri vipimo," akasema mwishowe. "Tusije tukawatia watu hofu."

"Mzee," daktari akasema, "waambieni leo. Waache leo hii."

Tulimwacha Meneja kliniki. Tulipofika nyumbani Flashi alifunga mlango wa studio, akageuza kibao cha dirishani kisomeke "Tumefunga", akakaa kuzifuta lenzi. Nyingi hazikuwa zimetumika tangu mwaka uanze. Alikuwa anazipuliza, anazipangusa kwa kitambaa laini, anazielekeza kwenye mwanga.

"Utaenda kuwaambia?" dada akauliza.

"Nikienda bila uthibitisho nitaonekana mjinga."

"Shemeji," nikamwambia, "hilo halihitaji kusubiri vipimo."

Akaziweka lenzi chini. Akampigia Mshauri, simu haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Mpaka leo haijapatikana, na nasikia yule bwana sasa anauza vichujio vya maji mji mwingine.

Dada akajifunga kanga kiunoni. Hakusema neno la ukali, hakugonga mlango. Alitoka tu, nami nikamfuata. Tulianza kwa mlinzi wa bohari, ambaye alikwenda kukitupa kifuko chooni mbele yetu. Mwenye duka la rangi alisema alikuwa amekwisha kuacha kwa sababu mbwa wake alitapika, na hakutaka kumuudhi Flashi kwa kumwambia. Dada alimshukuru. Nilitamani kumuuliza kama aliona afadhali amuudhi mbwa, lakini mkokoteni ulikuwa wake.

Kwa Mama Mapazia mlango ulikuwa wazi na cherehani iko kimya. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, pazia la mtu limelala mapajani. Chini ya cherehani palikuwa na mabaki ya vitambaa, yamekunjwa vizuri, na hakuna kitu juu yake.

"Juzi," akasema, kabla hatujauliza. "Nilidhani ni uzee tu. Alikuwa mzee."

Dada angeweza kuinamisha kichwa, akasema pole, akaondoka. Hata mimi, mwenye ulimi mkali, wakati ule niliona huo ndio wema. Nani angejua? Lakini alivuta stuli akakaa karibu naye, magoti yakilia, akamwambia yote. Alimwambia kuhusu ini juu ya kamera. Alimwambia kuhusu kinyesi cheusi. "Unga ulitoka kwetu, mwenzangu," akasema. "Hukukosea kitu. Tulikuonyesha mbwa anayeruka."

Mama Mapazia akalikunja lile pazia. "Kinyesi chake kilikuwa cheusi," akasema. "Nilikuja kumuuliza mumeo. Akasema anatoa sumu."

Hilo hatukulijua. Flashi hakuwa ametuambia. Maana yake alikuwa anajua jambo lile lile limewapata mbwa wawili, na bado akaongeza kipimo.

Siku chache baadaye Mama Mapazia alikuja studio mwenyewe. Nilikuwepo, nilihakikisha nipo. Alisimama mbele ya meza kwa adabu ya mteja.

"Nimekuja kuomba picha ya Pamba. Sina nyingine."

Nadhani Flashi alitarajia matusi, na alipoona ni picha tu inatakiwa, alifurahi mpaka aibu ilimwisha. Kitu anachokiweza. Akaichapa kubwa, kwenye karatasi nzuri inayong'aa, akaipanga juu ya meza kwa mikono miwili.

Mama Mapazia akaiangalia. Akaisogeza mbali kidogo, akairudisha. "Macho haya si yake."

"Nilimng'arisha kidogo kwenye kompyuta," Flashi akasema. "Yalikuwa yamefifia. Na manyoya nimeyaweka meupe zaidi."

"Nipe ile ambayo hukuigusa."

Nilisikia pikipiki ikipita barabarani, ikaenda mpaka sauti ikaisha.

"Ile sikuihifadhi," akasema. "Na ya kabla niliifuta, nafasi ilikuwa imejaa. Lakini hii ni bora zaidi, ukiitazama vizuri."

Yule mama aliirudisha ile picha juu ya meza, akainyoosha ikae sawa na ukingo, akamuaga dada yangu, akamuaga na Meneja aliyekuwa amerudi siku ile na bandeji mguuni, akatoka. Flashi hakumuaga. Flashi alibaki ameshika picha ya mbwa asiyekuwepo, mwenye macho ambayo hakuwahi kuwa nayo, na kwa mara ya kwanza niliona uso wake hauna maelezo.

Nilingoja aombe msamaha kwa mtu yeyote, hata kwa ukuta. Mchana mmoja nilimkuta amekitandika kile kitambaa cheupe cha ukutani sakafuni, kitambaa ambacho mteja hakuruhusiwa hata kukigusa, na Meneja amelala juu yake. Yeye mwenyewe alikuwa amejilaza pembeni, shavu kwenye saruji, mkono juu ya mbavu za mbwa. Nikasimama. Moyo ulitaka kulainika. Kisha nikamsikia ananong'ona, "Walitudanganya, Meneja. Walitudanganya mimi na wewe." Nikaenda zangu kufua. Kumpenda alimpenda, silikatai. Lakini hata mbele ya mbwa, asiyeweza kumlaumu, alishindwa kusema "nilikosea".

Dada ndiye aliyeshika hatamu. Aliyateremsha makopo yote akayatia kwenye gunia, akabakiza mafuta ya samaki peke yake, na hayo alimpa kwa kipimo cha daktari, hakuzidisha hata tone. Siagi ya karanga akaila mwenyewe kwa mkate. Chakula cha Meneja alikipimia kikombe, na Meneja alimtazama kila jioni kama mtu aliyedhulumiwa urithi. Asubuhi walikwenda pamoja kwenye kiwanja chenye majani nyuma ya shule, wakatembea mzunguko mmoja, polepole, wote wawili wakichechemea, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Wakizidiwa, Meneja alipewa dawa yake na dada akakanda magoti kwa maji moto.

Miezi ikapita, mbavu za Meneja zikaanza kuguswa kwa vidole. Hakupona. Daktari hakuahidi kupona. Lakini ile ngazi alianza kuipanda tena bila kuitafakari sana, na siku nyingine, akisahau umri wake, alitimua vumbi hatua mbili tatu akasimama, kana kwamba amekumbushwa.

Hapo ndipo Flashi alipoanza kwenda nao kiwanjani. Kwanza kwa mbali. Kisha akashika kamba. Dada alimwachia, kama alivyomwachia mengine.

Wiki iliyopita nilipita pale natoka sokoni. Shemeji yangu alikuwa amemsimamisha kijana mmoja mwenye mbwa mnene mweusi, kidole juu, sauti ile ile ya sala. "Nimegundua kitu," alikuwa anamwambia. "Watu wanakimbilia unga na vidonge. Siri ni uzito, kijana. Kila kilo inakaa kwenye nyonga. Mimi nimelifanyia utafiti jambo hili kwa mbwa wangu mwenyewe. Na ukipewa kitu kisicho na maandishi, kimbia." Dada alikuwa amekaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba, ananyoosha mguu, anawatazama.

Kijana alikuwa anasikiliza kwa makini. Alikuwa anatikisa kichwa, anamshukuru, anamwita mzee. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kila neno alilokuwa anasema shemeji sasa lilikuwa la kweli, na lile jibwa jeusi pengine litaishi vizuri zaidi kwa sababu yake.

Ng'ambo ya kiwanja Mama Mapazia alikuwa anakuja na furushi la vitambaa kichwani. Alipoisikia ile sauti alikata kona, akapita njia ndefu ya nyuma ya shule. Nikahamishia kapu langu mkono wa pili, nikamfuata.